Injini ndogo yenye turbo: namna ya kuichagua, kuiendesha na kuitunza ili isile mafuta

Magari ya cc 1200 hadi 1600 yenye turbo yamejaa sasa kwenye yadi za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Utakuta Golf na Audi A3 za 1.2 na 1.4, Mercedes C180 ya cc 1600, Nissan Juke ya turbo, Subaru Levorg, Honda Stepwgn ya cc 1500, Toyota C-HR ya cc 1200. Nyingi zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na wanunuzi wengi wana hoja moja tu: injini ni ndogo, kwa hiyo haitakula mafuta. Hoja hiyo ni ya kweli kwa masharti. Injini hizi humwokolea mafuta dereva anayezielewa na anayezipa oili sahihi kwa wakati. Asiyefanya hivyo atalipa sheli, kisha atalipa tena gereji. Fuata hatua hizi kuanzia kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Elewa nafuu inatoka wapi

Injini ya kawaida ya cc 2000 isiyo na turbo hupoteza mafuta mengi inapofanya kazi nyepesi. Ukienda mwendo wa 60 kwenye barabara tambarare, kilango cha hewa huwa kimefungwa karibu chote, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba. Kuhangaika huko kunalipiwa kwa petroli. Injini ya cc 1400 ina sehemu ndogo zinazosuguana, na kwa kazi hiyohiyo kilango chake hufunguka zaidi, kwa hiyo hupumua kwa raha. Unapotaka kulipita lori, moshi unaotoka kwenye injini huzungusha turbo, turbo inashindilia hewa ndani ya silinda, na injini ndogo inavuta kama kubwa. Injini ya Volkswagen iitwayo 1.4 TSI, ya nguvu farasi 122, hutoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 200 kuanzia mizunguko 1500 kwa dakika. Injini nyingi za cc 2000 zisizo na turbo hufika huko zikikaribia mizunguko 4000.

Kuna jambo la pili, nalo ni nozeli. Injini za kawaida hupulizia petroli kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, kwa presha ya bar 3 au 4. Hizi hupulizia ndani ya silinda yenyewe kwa bar 100 hadi 200, na za karibuni hufika 350. Petroli ikigeuka mvuke mle ndani huipoza hewa, na hewa iliyopoa haisababishi injini kugonga kirahisi, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli kujilipukia wenyewe ndani ya silinda. Ndiyo maana injini yenye turbo leo inaweza kubana mchanganyiko kwa uwiano wa 10 kwa 1, kiwango ambacho injini za turbo za zamani hazikukithubutu.

Mafundi wengi wakisikia petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda hukumbuka GDI ya Mitsubishi iliyoanza 1996 na D4 ya Toyota, na watakushauri ukimbie. Hofu yao haikutoka hewani. Magari yale yalitufikia pampu na nozeli zikiwa zimechoka, yakakutana na mafuta machafu na mafundi wasio na vifaa. Teknolojia imekua tangu wakati huo, lakini mahitaji yake mawili hayajabadilika: petroli safi na oili nzuri.

Kwa anayeishi nyanda za juu kuna faida ambayo huwezi kuisoma kwenye karatasi za mnada wa Japani. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa takriban kiasi hicho, na dereva hukanyaga zaidi ili kufidia. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Mlimani utaihisi tofauti hiyo mara moja.

Hatua ya 2: Jiulize kama inakufaa

Kama safari zako za kila siku ni za kilomita tatu au nne kwenye foleni, achana nayo. Injini haitapata joto kamili, petroli itachuruzika kwenye oili, na nafuu uliyoitafuta hutaiona. Kwa maisha ya namna hiyo Toyota ya cc 1300 au 1500 isiyo na turbo, au haibridi, itakuhudumia vizuri zaidi na spea zake ziko kila kona. Gari la turbo ndogo linamfaa anayetembea umbali wa maana, dakika ishirini au zaidi injini ikiwa na moto, mwenye abiria na mizigo, au anayepanda na kushuka milima.

Ushuru nao uangalie. Katika nchi zetu ukubwa wa injini ni mojawapo ya vitu vinavyoamua kodi. Kenya, kwa mfano, imekuwa ikiweka magari yasiyozidi cc 1500 kwenye kiwango cha chini cha ushuru wa bidhaa, na hapo gari la cc 1400 lenye turbo humpa mnunuzi nguvu za gari kubwa kwa kodi ya gari dogo.

Hatua ya 3: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu unachokitafuta husikika injini ikiwa imelala usiku kucha.

Washa, huku mwenzako amesimama karibu na injini. Mngurumo wa chuma kama cheni inayopiga ukuta, hata wa sekunde mbili tatu, unaonyesha kuwa mnyororo wa taimingi umelegea au kikaza chake kimechoka. Huo ndio ugonjwa unaojulikana wa familia ya Volkswagen iitwayo EA111, iliyotumika kwenye Golf 6 na ndugu zake, kwa 1.2 na 1.4. Toleo la 1.4 la farasi 160, lenye turbo pamoja na supachaja (kipuliza hewa kinachozungushwa na injini yenyewe), lina tatizo jingine zito zaidi: pistoni hupasuka pale zinaposhika ringi. Mimi nisingemshauri mtu yeyote kununua hilo la 160 bila kupima mgandamizo wa kila silinda. Kuanzia Golf 7 ilikuja familia mpya, EA211, inayotumia mkanda badala ya mnyororo. Ukiwa na pesa ya kuchagua, chagua hiyo.

Peugeot za cc 1200 zina mkanda unaozama ndani ya oili. Mkanda huo ukichakaa humeguka vipande vidogo vinavyoziba kichujio cha pampu ya oili. Mwaka 2024 watengenezaji walirefusha dhamana yake Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000, na hilo peke yake linakuonyesha uzito wa jambo. Dhamana hiyo haitakufuata hadi Temeke au Kisumu, kwa hiyo mwambie fundi afungue kifuniko cha kujazia oili na kuutazama mkanda kwa tochi. Ukiwa umevimba au una nyufa, usinunue.

Sasa chomeka skana, kifaa cha kusomea makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Usikubali neno la muuzaji kwamba taa ya injini haiwaki, maana makosa yanaweza kufutwa asubuhi ya siku hiyo. Endesha angalau nusu saa, panda mlima ukiwa umekanyaga vizuri, kisha usome upya. Kila kosa lina namba yake: P0016 inaashiria mnyororo au mkanda wa taimingi umepishana. P0299 inasema turbo haifikishi hewa inayotakiwa. P0087 ni presha ya petroli kuwa chini kwenye reli ya nozeli, mara nyingi pampu. P0300 hadi P0304 ni silinda kuruka moto. Moshi wa bluu baada ya injini kunguruma bila mwendo dakika kadhaa, kisha ukanyage, ni oili inayopita kwenye turbo au kwenye valvu.

Kama gari lina giaboksi ya DSG (otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili) ya gia saba iliyofungwa kwenye injini hizi ndogo, ijue kuwa klachi zake ni kavu. Ikitetemeka ikianza kutembea, pesa ya matengenezo iko njiani.

Hatua ya 4: Oili

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumsisitiza mwenye gari hili, nitachagua oili. Mhimili wa turbo huzunguka hata mara 200,000 kwa dakika, upande mmoja ukipigwa na moshi wa joto linalozidi nyuzi 900. Kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili hiyohiyo inasukuma kikaza cha mnyororo, inapoza pistoni, na inabeba petroli inayochuruzika kutoka kwenye kuta za silinda. Katika injini ya zamani ya cc 1500 oili mbovu ilikula maisha ya injini polepole. Hapa inaua haraka.

Kwanza, usichague oili kwa kutazama 5W-30 au 5W-40 peke yake. Namba hizo zinaeleza uzito tu. Geuza galoni usome kibali cha mtengenezaji: VW 502 00 au 504 00 kwa Volkswagen na Audi, 229.5 kwa Mercedes nyingi za petroli, na kwa magari ya Japani tafuta API SP, alama ya ubora wa oili ya taasisi ya petroli ya Marekani. Alama ya SP ilikuja 2020, ikitanguliwa na SN Plus ya 2018, na zote mbili zilitungwa kwa ajili ya injini kama hizi. Kisa chake ni hiki: injini ikibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo, matone ya oili ndani ya silinda yanaweza kuwasha petroli kabla plagi haijatoa cheche. Mlipuko huo wa mapema una nguvu ya kuvunja pistoni. Oili za alama hizo zimebadilishiwa viungo, hasa kwa kupunguza kalsiamu, ili jambo hilo lisitokee kirahisi.

Pili, sahau habari ya kubadilisha oili kila kilomita 30,000. Huo ni utaratibu wa Ulaya kwa oili maalumu na safari ndefu za barabara kuu. Kwenye foleni na vumbi letu badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,500, au kila miezi sita, kitangulie chochote. Filta ibadilike kila mara pamoja na oili. Anayekuambia filta inavumilia raundi mbili anakuokolea fedha kidogo na kuhatarisha turbo.

Tatu, pima mwenyewe. Kila unapojaza tangi, acha injini ipoe kidogo, chomoa kijiti, futa, rudisha, tazama. Volkswagen yenyewe huhesabu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa ni ulaji wa kawaida, na maana yake ni kwamba ukisubiri huduma ijayo bila kutazama unaweza kubaki na oili haba bila taa yoyote kuwaka. Kama oili inapanda badala ya kushuka na inanuka petroli, safari zako ni fupi mno au nozeli inavuja. Imwage hata kama tarehe haijafika.

Oili bandia zipo, tena kwenye makopo mazuri. Nunua kwa wakala anayejulikana, na kopo tupu litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili bandia.

Mwisho wa kupanda mlima mrefu au mwendo kasi wa barabara kuu, usizime ghafla. Endesha taratibu kilomita ya mwisho, au iache ingurume dakika moja, ili turbo ipoe huku oili ikiendelea kupita. Kwa safari ya mjini haina haja.

Hatua ya 5: Petroli

Fungua kifuniko cha tangi usome. Magari ya Ulaya yaliyouzwa Japani hudai petroli ya daraja la juu, ambayo huko huanzia oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili mbano bila kugonga), wakati ya kawaida huanzia 89. Ukipewa nafasi ya kuchagua, jaza 95 au zaidi. Oktani ikiwa chini, sensa ya kugonga itachelewesha cheche ili kuilinda injini. Gari halitakufa siku hiyo, ila litalegea na kula zaidi, na bei uliyookoa kwenye pampu itapotelea barabarani.

Kubwa zaidi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hushusha oktani. Tatizo hili ndilo lililofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, na Kenya iweke tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili bei isivutie wachanganyaji. Chagua sheli moja au mbili unazoziamini na ukae nazo. Ukikuta lori la mafuta linashusha, pita, kwa sababu takataka za chini ya matangi zimetibuliwa. Usizoee kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka: pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, na ile ya presha kubwa inategemea ilishwe vizuri na hiyo ya kwanza.

Hatua ya 6: Mguu

Turbo ikisukuma hewa nyingi, petroli nayo lazima iwe nyingi. Tena, ukikanyaga mpaka chini kwa muda mrefu, kompyuta ya gari huongeza petroli kupita inayohitajika kuungua, ili kuipoza turbo na ekzosi. Hapo ndipo gari la cc 1400 linapokula kama la cc 2500, na mwenyewe akalalamika kuwa kadanganywa.

Kwa hiyo kaa kati ya mizunguko 1500 na 2500 kadiri barabara inavyoruhusu. Ongeza mwendo kwa mguu wa wastani, fikia mwendo unaoutaka, kisha legeza. Ukiona taa nyekundu au matuta mbele, toa mguu mapema: gari likiwa kwenye gia bila kukanyagwa, nozeli hufungwa na halinywi kitu. Usiweke huru kwenye mteremko. Tofauti ya 100 na 120 kwenye barabara kuu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo.

Lakini usikosee kwa upande wa pili. Kukanyaga sana ukiwa gia ya juu na mizunguko 1200, gari likitetemeka, ndiyo hali hasa inayoleta ule mlipuko wa mapema niliouelezea. Mlimani shusha gia, au kwenye otomatiki sogeza kigingi upande wa kubadili gia kwa mkono, iache injini izunguke 2500 au 3000. 

Kwenye foleni na DSG ya klachi kavu, usitambae mita moja moja. Acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha songa mara moja.

Hatua ya 7: Masizi kwenye valvu

Katika injini za kawaida petroli huosha mgongo wa valvu kila mara. Hapa haipiti huko kabisa. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini hutua kwenye valvu za kuingiza hewa, ukakauka na kuwa tabaka jeusi. Dalili zake ni kutetemeka asubuhi, nguvu kupungua, na ulaji wa mafuta kuongezeka kidogokidogo. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika hapo, hata lebo ikisema nini. Zinaweza kusaidia ncha za nozeli tu.

Karibu na kilomita 80,000 hadi 100,000 mwombe fundi atoe bomba la hewa na kutazama. Njia bora ni kupuliza unga wa maganda ya jozi kwa hewa ya kompresa, kwa mashine maalumu yenye kivuta uchafu. Pasipo na mashine, valvu hulowekwa kwa dawa na kusuguliwa kwa brashi. Iwe njia yoyote ile, valvu za silinda inayosafishwa lazima ziwe zimefungwa, la sivyo uchafu utaanguka ndani na kukwaruza ukuta. Fundi asiyejua kuzungusha injini hadi valvu zifunge, mshukuru na utafute mwingine.

Plagi zibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000, za namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu. Presha ya turbo huifanya cheche kuwa ngumu kuruka, na plagi iliyochoka huua koili.

Hatua ya 8: Pima ulaji wako

Usitegemee namba ya dashibodi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, weka kipima safari kwenye sifuri, tembea kawaida, kisha jaza tena sheli ileile mpaka ikate. Ukitembea kilomita 450 na kujaza lita 32, gawanya: ni kilomita 14 kwa lita. Andika kila mara kwenye simu. Tangi moja halisemi kitu. Tazama mwelekeo wa matangi kadhaa.

Namba ikianza kushuka, anza na vya bei nafuu: upepo wa matairi, filta ya hewa, breki inayoshika, plagi. Kisha tazama kipimo cha joto. Thamostati iliyokwama wazi huiacha injini baridi, na injini baridi hunywa. Skana ikitoa P0299, usikubali kuuziwa turbo siku hiyo. Mara nyingi ni mpira wa hewa uliochanika, klipu iliyolegea, au mkono wa kilango cha turbo uliokwama kwa kutu. Fundi aingize moshi kwenye njia ya hewa aone unatokea wapi, na aujaribu ule mkono kwa pampu ndogo ya kuvuta hewa, kabla ya kugusa turbo yenyewe.